Usinifiche Kilichokuwemo

Dar es Salaam
9 Machi 2023

Kaka Nikodemu,

Shikamoo. Tumefika. Najua bado umenuna kwa jinsi nilivyomchukua binti yako Diana pale Katonga mbele ya watu, na mimi nimenuna kwa jinsi ulivyomchelewesha kufika hospitali, kwa hiyo tuko sawa. Nimekupigia simu mara tisa. Kama hutaki kupokea, basi soma.

Amelazwa wodi yangu mwenyewe, kitanda cha karibu na meza ya manesi. Tangu tulipoipita Tabora hajasema neno. Macho yake yako wazi lakini hayanitazami. Mdomo unatafuna kutwa nzima na hamna kitu mdomoni. Mkono wa kulia unapanda, unageuka, unashuka, tena na tena, na yeye wala hana habari nao. Jana nilimvalisha lile gauni la kijani ulilomnunulia Pasaka, nikamwita kwa jina lake la utotoni. Hakugeuka. Miaka ishirini na miwili nauguza watu, kaka, lakini hapo nilitoka nje nikalia.

Daktari wake anaitwa Shadia. Ni mdogo kwangu kwa umri, bingwa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, na hana papara. Anataka kujua ugonjwa ulianzaje, siku kwa siku. Mimi sikuwepo, wewe ndiye uliyekuwa naye. Niandikie yote, hata yale unayoona aibu kuyasema.

Mdogo wako,
Veneranda


Katonga
17 Machi 2023

Vene mdogo wangu,

Marahaba. Simu sipokei kwa sababu kitochi changu kinapiga kelele kama redio, na hapa mwaloni, samaki wanaposhushwa na kuuzwa, ukisema haloo tu, wanunuzi wa dagaa wote wananyamaza wasikie. Mambo ya binti yangu sitaki yauzwe pamoja na dagaa. Barua naisoma peke yangu, nimekaa ndani ya mtumbwi ninaoujenga, na hakuna anayejua kama nasoma au napima mbao.

Umeuliza ulianzaje. Jumamosi moja ya Januari Anésie alimsuka. Unamkumbuka Anésie, jirani yetu, yule mjane wa Kirundi anayekamua mawese. Tangu mke wangu afariki, yeye ndiye amekuwa akimsuka Diana na kumwelekeza mambo ambayo baba hawezi kuyasema. Jumatano kichwa kikaanza kuuma. Jumamosi hakulala, Jumapili hakulala. Jumatatu yule mama mwenye cherehani kule Gungu, aliyemwajiri, akaniita. Diana alikuwa ameshona mashati saba ya shule, yote ameyaziba mikono. Ushonaji wenyewe msafi, Vene, huwezi kuukosoa, ila hakuna mtoto anayeweza kuyavaa. Nilipomuuliza akaniambia mikono imetoroka. Akacheka. Kisha akaanza kuogopa kila kitu, hata mimi. Siku moja akaanguka uani akatetemeka mwili mzima, na tangu hapo maneno yakaanza kumwisha.

Sasa la aibu. Nilimpeleka kwa mtaalamu mmoja upande wa Mwandiga. Usigune. Alisema nywele zilizoanguka siku ile ya kusukwa ziliokotwa, zikafanyiwa kazi, na sasa ziko tumboni mwake. Mimi sikumtaja mtu. Lakini waliokuwa pale hawakuhitaji kutajiwa, na siku hizi hakuna anayenunua mawese kwa Anésie.

Kaka yako,
Nikodemu


Dar es Salaam
4 Aprili 2023

Kaka,

Shikamoo. Nimeguna, ndiyo. Yule mtu wa Mwandiga anawaambia hivyo wote wanaokwenda kwake. Mama yetu aliambiwa ana nywele tumboni, shangazi yetu aliambiwa ana mifupa ya samaki. Unalijua hilo vizuri kama mimi.

Ila barua yako imefanya kazi. Daktari Shadia aliisoma mara mbili, akasimama pale kwenye mashati saba, akayaunganisha na kule kutafuna bila chakula tunakokuona wodini, akasema: "Huyu hajachanganyikiwa. Huyu ubongo wake umevimba." Wakachukua maji kidogo kutoka kwenye uti wa mgongo. Nilikishika kichupa mkononi. Maji yenyewe maangavu, huoni chochote, kumbe ndani yake vita imeandikwa. Majibu yamekuja kutoka nje ya nchi.

Nakueleza nilivyoelezwa. Ukichomwa na mwiba, kidole kinakuwa chekundu, kinavimba, kinapwita. Hiyo ni kazi ya askari wa mwili, wamekimbilia penye adui. Ubongo nao unaweza kushambuliwa vivyo hivyo, lakini fuvu limeufunika, kwa hiyo wewe huoni wekundu wala usaha. Unaona mtu anabadilika. Anacheka msibani, anaziba mikono ya mashati, anamwogopa baba yake. Daktari anasema wao walipokuwa wanafunzi walifundishwa kwamba askari wa mwili hawaruhusiwi kuingia ubongoni. Leo inajulikana ubongo una walinzi wake, vijidude visivyoonekana kwa macho, vinavyozunguka usiku na mchana vikifagia na kukagua. Sasa wataalamu wanachunguza kama kazi yao hiyo ndiyo inayoharibika hata kwa wazee wanaosahau majina ya watoto wao na kwa vijana wanaopooza miguu bila kuanguka popote. Nimeuguza watu wote hao, kaka. Nilikuwa napita kitanda hadi kitanda nikidhani kila mmoja ana lake.

Kwa Diana, askari wake mwenyewe wameugeukia ubongo wake. Anawekewa dripu za dawa ya kuwatuliza. Lakini kipimo cha tumbo kimeonyesha donge kwenye kifuko cha mayai ya uzazi, upande wa kushoto, na daktari anasema hilo ndilo linalowachochea. Lisipotolewa, dawa zitakuwa zinamwagwa tu. Fomu ya ruhusa nimeiambatanisha. Tia sahihi uirudishe na basi la kwanza.

Veneranda


Katonga
12 Aprili 2023

Vene,

Marahaba. Sahihi hiyo hapo. Nimeitia nikiwa nimesimama, juu ya ubao wa mtumbwi.

Sikiliza sasa. Mwenyekiti wa mtaa ameitisha mkutano tarehe saba Mei. Wanataka Anésie aondoke Katonga. Watu wameshapita nyumba kwa nyumba. Kila mtu ananiangalia mimi, maana mtoto ni wangu, na mimi sijasema neno, si la kumshitaki wala la kumtetea. Anésie asubuhi ananisalimia kama kawaida. Namwitikia huku natazama mbao.

Sitaki kumdhulumu mtu. Lakini sitaki pia kuwa mjinga aliyerogewa mwanawe akacheka na mchawi. Kwa hiyo nimekata shauri. Mtakapofungua, niambie kilichokuwemo. Kama hakuna nywele, nitasimama mbele ya mkutano niape kwa jina la Mungu kwamba Anésie hana hatia. Kama zimo, nitakaa kimya, na wao wafanye wanavyotaka.

Usinifiche.

Nikodemu


Dar es Salaam
28 Aprili 2023

Kaka,

Shikamoo. Amepasuliwa juzi, salama. Donge lilikuwa kubwa kama limau. Ndani walikuta mafuta mafuta na maji maji. Basi, hamna kingine.

Bado hajasema, ila leo asubuhi mdomo ulisimama kutafuna kwa muda wa nusu saa. Nilipiga magoti palepale wodini, na vazi langu la kazi, wala sikujali nani ananiona.

Simama kwenye mkutano wako.

Veneranda


Katonga
8 Mei 2023

Mdogo wangu Vene,

Marahaba, na Mungu akubariki wewe na mikono ya madaktari hao.

Jana nilisimama. Nikawaambia dada yangu ni nesi, alikuwa pale pale, donge limefunguliwa na hamna nywele. Nikaapa. Mwenyekiti akafunga daftari, mkutano ukavunjika hata chai haijapoa. Anésie alikuwa amekaa nyuma kabisa peke yake. Nilipopita aliinamisha kichwa, akasema, "Ego, jirani," ndiyo ya Kirundi. Nilitegemea atafurahi kidogo. Labda aibu imemzidi.

Leo nimepigilia mbao nne kabla ya saa nne. Mikono imerudi kuwa myepesi. Niandikie akisema neno la kwanza, hata likiwa tusi.

Nikodemu


Dar es Salaam
16 Julai 2023

Baba,

Shikamoo. Usicheke mwandiko, kalamu inanikimbia. Shangazi alitaka aandike yeye, nimekataa.

Nakumbuka Mama Anésie akimalizia mstari wa mwisho nyuma ya sikio na akinikemea nitulie. Halafu nakumbuka feni ya darini. Kati ya hapo hamna kitu, Baba. Shangazi anasema ni miezi mitano. Sioni giza wala ndoto, ni kama nilikaa nikasimama. Ananiambia nilikuwa nauma watu. Nimeshawaomba msamaha manesi wote, na mmoja nilimwomba mara mbili kwa sababu nilisahau.

Leo nimehesabu kurudi nyuma kutoka ishirini hadi sifuri bila kukosea. Jana nilitunga uzi kwenye sindano. Daktari Shadia alinionyesha picha ya kichwa changu. Ubongo ukiutazama ni kitu cha kawaida tu, cha kijivu, mtu angeweza kukipita sokoni. Nikamuuliza, hapo mimi niko wapi? Akacheka, akasema hata yeye hicho ndicho anachotafuta tangu aanze kusoma. Nikaogopa, halafu nikafurahi. Kitu hicho kilipovimba mimi niliondoka, na kilipotulia nimerudi, na najua jina lako, na najua kwamba hupendi samaki wa kuchoma bali wa kuchemsha. Nani ameyahifadhi hayo yote wakati nyumba inaungua?

Shangazi ana jambo hajakuambia. Mimi ameniambia, kwa sababu ni mwili wangu. Nimempa wiki mbili. Asiposema, nitasema mimi, maana kitu chenyewe ni cha ajabu mno, siwezi kukaa nacho kimya. Nimeshawaambia wagonjwa wote wa wodi.

Mwanao,
Diana


Dar es Salaam
29 Julai 2023

Kaka Nikodemu,

Shikamoo. Nimechana karatasi tatu. Hii ya nne nitaituma hata ikiwa mbaya.

Nilikudanganya. Donge lilikuwa na nywele.

Nilikuwepo lilipofunguliwa. Nywele nyeusi, ndefu, zimejiviringa katikati ya mafuta. Na meno mawili, kaka. Meno meupe, mazima, yamekaa kwenye kipande kidogo cha mfupa. Mawazoni nilimwona yule mtu wa Mwandiga akicheka. Nilimwona Anésie na mizigo kichwani. Ulikuwa umeniandikia kwamba zikiwemo utakaa kimya, basi nikaandika nilichoandika. Siombi radhi kwa hilo, naomba radhi kwa sababu uliapa kwa jina la Mungu juu ya uongo wangu.

Sasa kweli yote. Nilimuuliza Daktari Shadia nywele zimefikaje humo. Hakushangaa hata kidogo. Alisema yai la mwanamke lina maarifa ya kutengeneza mtu mzima: ngozi, nywele, meno, ubongo, vyote. Mara chache sana yai moja linaanza kazi peke yake, bila mume, bila mpango. Haliwezi kutengeneza mtoto. Linatengeneza kipande hapa, kipande pale. Alinionyesha kwa hadubini. Nywele zile zilikuwa na mizizi kaka, zimeshika kwenye ngozi yake yenyewe, na vitundu vya jasho kando yake. Hazijawahi kuguswa na kitana wala mkono wa mtu tangu zilipoanza kuota. Daktari anasema huenda Diana alikuwa na donge hilo hata kabla Anésie hajamsuka mara ya kwanza.

Na kando ya nywele akanionyesha kiraka kidogo, nikamuuliza ni nini. Akasema, "Huo ni ubongo." Ubongo, kaka, tumboni mwa mtoto wetu! Askari wa mwili walipita pale, wakakuta kitu ambacho hakikupaswa kuwa pale. Wakaishika sura yake, wakatengeneza silaha ya kukipiga, wakasambaa mwilini kutafuta kingine kinachofanana nacho. Wakakipata kichwani. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanamlinda.

Tangu siku ile siwezi kumfunga mgonjwa bendeji bila kuutazama mwili wake kama mtu anayeingia kanisani. Nilidhani naujua.

Diana anarudi nyumbani kwa furaha mwisho wa Agosti, na atamwambia kila mtu kuhusu meno yake. Huwezi kumzuia, wala mimi siwezi. Kwa hiyo Anésie yuko mikononi mwako tena, na safari hii sina cha kukuandikia ila kweli.

Veneranda


Katonga
20 Agosti 2023

Vene,

Marahaba.

Barua yako niliisoma mtumbwini, nikaikunja, nikakaa. Mteja alikuja kuuliza boti yake, nikamwambia arudi kesho. Nilikukasirikia mpaka nikasikia joto masikioni. Nimeapa mbele ya Katonga nzima. Halafu niliisoma tena pale kwenye mizizi, na hasira ikapungua, nikabaki nashangaa tu. Nilimlea mtoto yule. Nilimbeba mabegani kwenda kuangalia meli. Kumbe siku zote hizo ndani yake palikuwa na kiwanda kinachotengeneza meno.

Nilikwenda kwa Anésie kwanza. Nikamsomea barua yako mlangoni, neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Akasema, "Waambie wewe. Wakisikia kwa mtu mwingine nimekwisha."

Nikamwomba mwenyekiti aitishe mkutano. Wakaja wengi kuliko mara ya kwanza. Nikawaambia, mwezi wa tano niliapa jambo ambalo halikuwa kweli, bila kujua. Kwenye donge kulikuwa na nywele. Uwanja mzima ukaguna. Mzee mmoja akapaza sauti, "Si tulisema! Mtaalamu alisema nywele!"

"Alisema zimewekwa," nikamjibu. "Hazikuwekwa. Zilikuwa na mizizi. Ziliota."

"Utajuaje wewe?"

"Nimepasua mbao miaka thelathini. Msumari naujua na fundo la mti nalijua. Na mlisahau kuuliza, kulikuwa na meno pia, mawili. Haya, nani alimsuka meno?"

Wanawake wa dagaa wakaanza kucheka, na kicheko kile kikamfikia hata mwenyekiti. Nikawaeleza yote, yai, askari, kiraka cha ubongo. Sijui nimeeleza sawasawa. Lakini walinyamaza, Vene. Watu wa mwaloni, wanaopiga kelele hata wakisali, walinyamaza wakishika matumbo yao. Bibi mmoja akaniuliza polepole, "Kwa hiyo sisi sote tunajua kutengeneza mtu, na hatujui kama tunajua?" Nikamwambia ndivyo nilivyoandikiwa. Wawili watatu waliondoka wakitema mate, na hao sidhani kama nitawapata. Waliobaki walikubali Anésie akae.

Nilimsindikiza kwake. Mlangoni akageuka.

"Fundi," akasema, "dada yako angekuandikia kweli tangu mwanzo, ungesimama?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nimechoka na viapo.

"Hapana," nikamwambia. "Ningekaa kimya, na wangekutoa."

Ndiyo maana siwezi kukushukuru, mdogo wangu, na kukulaumu siwezi.

Anésie alisukuma mlango ukafunguka wote. Godoro limeviringishwa na kufungwa. Sufuria ziko ndani ya gunia, gunia limeshonwa mdomo. Madumu ya mawese yamefungwa mawili mawili kwa kamba, tayari kubebwa. Kwenye sakafu palikuwa na mkeka mmoja na sufuria moja. Tangu Aprili ameishi hivyo, na mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta.

"Kufunga mizigo nilijifunza nikiwa na miaka tisa, tulipokimbia Burundi," akasema. "Siku ile uliyoapa nilikutazama. Niliona unatetea barua, hunitetei mimi. Sikufungua."

Akapiga magoti kwenye lile godoro, akaanza kuhangaika kulifungua fundo la kamba. Lilikuwa limekaza sana. Akahangaika nalo kitambo, kisha, bila kuniangalia, akasema, "Njoo ushike hapa."

Nikaingia, nikashika.

Kaka yako,
Nikodemu